Jiji Huanzia Gari Linapoishia

Tukuyu ina Msasani yake, na ina Bagamoyo yake pia. Zote mbili ni kata za mji huu mdogo uliokaa kwenye miteremko ya kusini ya mlima Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na maji ya chumvi hayapo. Mtoto wa hapa huyazoea majina ya pwani kabla ya kuiona pwani yenyewe. Dar es Salaam nzima tuliizoea hivyo hivyo, kwa kusikia. Tangu enzi za wazazi wetu, mtu wa Rungwe hakupanda gari la Dar bila kuketishwa kwanza na mtu aliyewahi kufika. Alitajiwa mtaa mmoja mmoja, akaambiwa upi wanakaa akina nani, upi una chumba cha kupanga kwa bei nafuu, upi wa kupita tu, na wapi asionekane baada ya magharibi.

Mimi nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na hadi leo, likizo ya Juni ikikaribia na ile ya Desemba, majirani huniletea vijana wao niwafunde kabla hawajaondoka. Mafunzo haya nayo yana historia, ila haikuwahi kuandikwa kwa sababu ilisemewa jikoni na kwenye mabenchi ya stendi. Katika miaka yote ya kuyasikiliza na kuyatoa nimeona jambo moja: kila kizazi chetu kimelijua jiji kuanzia pale gari lake lilipoishia, na pale pamehama mara kwa mara. Mwenye kushukia stesheni ya kati alikuwa na Dar yake, na mwenye kushukia Ubungo akawa na nyingine.

Kwa babu zetu, mjini hapakuwa Dar. Palikuwa Lupa, kule Chunya, dhahabu ilikowavuta vijana wa Rungwe katika miaka ya 1920 na 1930. Palikuwa kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Palikuwa Johannesburg, walikopelekwa na Wenela, shirika lililoandikisha wachimbaji wa migodi ya Afrika Kusini. Nikiwa mdogo, kijijini kwetu walikuwapo wazee walioweza kukusimulia kambi za wachimbaji za Afrika Kusini chumba kwa chumba, nao hawakuwa wamekanyaga Kariakoo hata siku moja. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali mpya iliifunga njia hiyo ya Afrika Kusini, na macho ya vijana yakageukia mashariki.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amegeuka mapema kuliko wenzake. Aliondoka mwaka 1946. Basi la shirika la reli lilimtoa Mbeya kupitia Iringa hadi Dodoma, na Dodoma akapanda gari moshi la reli ya kati. Alifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini, akaushuhudia mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa bandari wa Septemba 1947, na aliporudi nyumbani alikuja na baiskeli, cherehani ya mama yake, na Kiswahili ambacho sisi watoto tulikuwa tukikifuata nyuma kama wimbo. Yeye ndiye aliyenifunda mimi mwaka 1977, nilipomaliza kidato cha nne na kuruhusiwa kwenda kwa baba mdogo Temeke likizo ya Desemba.

Alinichukua asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, tukapanda hadi bomani. Tukasimama mbele ya jengo lile nene la Wajerumani ambalo sasa lina ofisi za serikali. Akaniambia: mwanangu, angalia vizuri. Hapa juu alikaa bwana shauri na wenzake. Hapo chini kidogo walikaa Wahindi na maduka yao. Na sisi tukawekwa kule mbele, baada ya maduka. Ukifika Dar usiogope ukubwa wake, maana aliyeipanga hii ndiye aliyeipanga na ile.

Baadaye nilipokwenda kusoma ualimu na kuanza kuchimba vitabu, niliona mjomba alikuwa amesema kweli tupu. Wajerumani waliijenga ngome yao ya kwanza ya upande huu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakaiita Langenburg. Kuingia karne ya 20 waliihama, wakapanda huku kwenye baridi na kupaita Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu. Dar es Salaam nako walipakuta pameanzishwa na mtu mwingine, Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga bandari yake katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima na kufariki mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia huko makao makuu kutoka Bagamoyo, na mwaka huo huo wakatunga kanuni za ujenzi: upande wa mashariki, unakopiga upepo wa bahari, zijengwe nyumba za namna ya Ulaya peke yake.

Waingereza walioshika mji mwaka 1916 hawakuifuta mistari hiyo, waliikaza. Wakaigawa Dar katika kanda tatu. Ya kwanza ndiyo Uzunguni, ya pili Uhindini penye biashara, ya tatu mtaa wa Waafrika. Kanuni ziliandika aina ya nyumba inayoruhusiwa, hazikuandika rangi ya mwenye nyumba. Lakini nani wakati ule, kati ya wapagazi na matopasi, angeweza kujenga nyumba ya mawe yenye vipimo vile? Kati ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha uwanja mpana ambao haukujengwa kitu. Ndio Mnazi Mmoja. Leo watu hupumzika pale na watoto wao, na ni vyema wapumzike, ila kijana ninayemfunda humwambia ajue anapita juu ya mpaka.

Kariakoo ilikuwa shamba la Mjerumani mmoja, Schoeller. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka pale kambi ya jeshi lao la wapagazi, na jina la jeshi hilo likabaki kuwa jina la mtaa. Hapa ndipo sisi watu wa Rungwe tunapoingia katika historia ya Kariakoo bila hata kufika. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia Tukuyu likitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia, na kutoka hapo vita ikashuka kusini na mashariki kwa miaka miwili. Kila bunduki, kila gunia la unga, kila sanduku la risasi lilipita kichwani mwa mtu. Wanaume wa wilaya hii walichukuliwa kubeba, kama walivyochukuliwa wa wilaya nyingine, na wengi hawakurudi. Sasa ukitembea Kariakoo utakuta Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Mahiwa, Mtaa wa Tandamti. Hayo ni majina ya mahali palipopiganwa kusini mwaka 1917. Mgeni huyasoma kwenye vibao akitafuta duka la vitenge na kupita. Mimi siwezi kuyapita hivyo, na sipendi mtoto wa Rungwe ayapite hivyo.

Naomba nitoke njiani kidogo, kwa sababu jambo hili hunijia kila ninapofundisha kanda zile tatu. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na namna yetu ya kugawa makazi, na haikuwa ya ukoo wala ya mali. Ilikuwa ya rika. Wavulana walipovuka umri wa kuchunga ng'ombe waliondoka kwa baba zao, wakaenda kujenga vibanda vyao pembeni, na kijiji hicho kikakua pamoja nao mpaka wakaoa na kuzeeka humo. Wakati ulipotimia, katika sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi vijana nchi. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe katika miaka ya 1930 akichunguza maisha yetu, aliyaandikia vijiji hivyo kitabu kizima. Kwa hiyo mtu aliyetoka huku kwenda Dar mwaka 1946 hakuwa mshamba asiyejua mji uliopangwa. Alijua vizuri kabisa kwamba makazi hugawanywa kwa kanuni. Kilichomshangaza mjomba, na alikisema mpaka alipofariki, ni kanuni yenyewe: kwamba mtu anaweza kukaa mtaa mmoja maisha yake yote na kamwe asikabidhiwe kitu na walio mtaa wa juu.

Mlango wa mjomba ulikuwa stesheni ya kati. Ukitoka pale, upande mmoja una maduka ya Wahindi na upande mwingine una Gerezani na Kariakoo, na abiria wa bara aliingia Gerezani kwa miguu akiwa na sanduku lake la bati. Alitafuta nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mjomba alikuwa akisema ukumbi ule mmoja ulimfundisha makabila mengi kuliko shule. Somo lake la kwanza kwa kila aliyemfuata halikuwa la njia, lilikuwa la karatasi: stakabadhi ya kodi ikae mfukoni usiku na mchana, na jina la mwenye nyumba likae kichwani. Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika asiye na kazi mjini. Ilifanya misako, na aliyekamatwa bila maelezo alirudishwa kwao. Kujua mtaa wako, nyumba yako na jina la mwenye nyumba ndiko kulikokuzuia usipandishwe gari la kurudi. Watu wanaodhani wazee wetu walijifunza mitaa kwa ajili ya kuzurura hawajaelewa.

Katika miaka yake mji ulikuwa bado unashikika. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000. Ilala ilikuwa imeshaongezeka kando ya Kariakoo tangu kabla ya Vita ya Pili, na baada ya vita zikapimwa Magomeni na Temeke. Mjomba aliitaja Magomeni kwa heshima, kwa sababu aliyehamia huko wakati ule alikuwa karani au fundi mwenye mshahara wa kueleweka. Aliondoka Dar kabla ya Uhuru, lakini alikuwapo Julai 7, 1954, TANU ilipozaliwa Kariakoo katika nyumba ya mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Hakuingia ndani. Alisikia kesho yake bandarini.

Mlango wangu mimi ulikuwa TAZARA. Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga reli ile tangu mwaka 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na mwaka 1976 ikakabidhiwa. Haikufika Tukuyu, tulikwenda Mbeya kwa basi, kilomita 70 hivi, tukapandia Iyunga. Lakini ilibadilisha kila kitu. Treni ilipita Makambako, ikateremka Mlimba kwenye mahandaki na madaraja, ikakata mbuga ya wanyama, ikanishusha Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Sikushukia kwenye stesheni ya mjomba wala kwenye mji wake. Nilishukia upande wa viwanda. Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na Dar yangu ya kwanza ikawa Temeke, Chang'ombe, Keko na Tandika, uwanja wa maonyesho ya Sabasaba kwenye Barabara ya Kilwa, mabasi ya UDA yaliyojaa hadi mlangoni, na joto la Desemba ambalo mtu wa Tukuyu hakuna wa kumtayarisha nalo. Katikati ya mji nilipelekwa Jumapili, nimevaa viatu, kama mtu anayekwenda kumsalimia mkubwa.

Nilipofika huko nikaona kwamba ramani ya mjomba bado ilisimama, ila waliomo walikuwa wamebadilika. Oysterbay, iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu, ilikuwa na wakubwa wa serikali yetu. Uhindini na Upanga kulikuwa kumepita sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba nyingi zilikuwa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Wahindi wengi walikuwa wameshaondoka nchini. Hata Tukuyu maduka kadhaa ya ule mtaa chini ya boma yalikuwa yamebadili wenyewe, na nikaelewa kwamba miji hii miwili bado inatetemeka pamoja. Msako nao haukufa na ukoloni: mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, na vijana wasio na kitambulisho cha kazi wakapakiwa kurudishwa vijijini. Mjomba alikuwa hai bado. Aliposikia alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wale vijana walikuwa wameshika majina ya wenye nyumba zao.

Kizazi kilichonifuata kilikwenda kwa basi. Barabara ya lami ilikuwa imefika, na mabasi ya bara, yaliyokuwa yakiishia katikati ya mji, Kisutu na Mnazi Mmoja, yakahamishiwa Ubungo. Basi vijana wa Rungwe wakaijua Dar kuanzia Ubungo: Manzese, Mabibo, Sinza, Kijitonyama. Hapa kulikuwa na mchanganyiko mwingine. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwa viwanja vilivyopimwa katika mradi wa miaka ya 1970 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ndiyo maana njia zake zimenyooka. Manzese ilikuwa imeota yenyewe bila kupimwa, na mradi huo huo ukaipelekea maji na barabara badala ya kuibomoa. Vijana wanaopita kutoka Sinza kuingia Manzese na kuona njia zimepinda ghafla huona fujo. Mimi huwaambia ni watu waliojenga bila kungoja ruhusa, kwa sababu ruhusa isingekuja.

Na Mabibo ni kwetu. Malori ya ndizi kutoka Tukuyu huishia pale, kwenye soko ambalo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi, na kwa miaka mingi mama aliyekuwa na mzigo wa kupeleka, au barua, au mtoto wa kupelekwa kwa shangazi yake, alimtafuta dereva wa lori la ndizi. Zipo familia hapa Tukuyu zinazoijua Mabibo kibanda kwa kibanda, na Posta, katikati ya mji, haziijui. Nimekutana na mama muuza ndizi wa Kyimo aliyenichorea mezani kwa kidole, bila kusita, njia zote za kutoka Mabibo kwenda Manzese, Urafiki na Kigogo. Ningempa darasa langu la jiografia siku hiyo hiyo.

Tangu Februari 2021 mlango umehama tena, umekwenda Mbezi Luis, kwenye kituo kilichopewa jina la Rais Magufuli. Mjukuu wangu anayekwenda Desemba hii kwa mara ya kwanza ataingia jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, na kituo atakachoshukia kiko mbali na bahari kiasi kwamba anaweza kumaliza likizo nzima kati ya Mbezi na Kimara akarudi akisema ameiona Dar. Simu yake inamwonyesha kila barabara, na nashukuru, kwa sababu mimi nilipotea Tandika mchana kweupe. Lakini simu humpangia njia fupi, na njia fupi haimpitishi mahali mji ulipoanzia.

Kwa hiyo nimemwandikia safari ya siku moja, naye ameahidi kuifuata. Aanzie Kivukoni asubuhi na mapema, wavuvi wakiwa wanauza samaki Feri, aone kule Kigamboni ng'ambo ya maji. Apite kanisa la Azania Front ambalo Wajerumani walilikamilisha mwaka 1902, aingie Samora, asimame kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 na kusoma maneno ya Kiswahili yaliyochongwa pale kwa ajili ya askari na wapagazi. Akate Mtaa wa India, aangalie juu, kwenye roshani na tarehe zilizoandikwa ukutani na wenye nyumba wa zamani, si kwenye madirisha ya maduka tu. Avuke Mnazi Mmoja kwa miguu, polepole. Aingie Kariakoo, auone Mtaa wa Lumumba, alizunguke soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kisha atafute Narung'ombe, na hapo, kama ana hela, anywe soda kwa niaba ya babu zake.

Halafu apite stesheni ya kati, mlango wa mjomba, apandie mwendokasi Gerezani, akae dirishani upande wa kushoto. Gari lile huupita mji kwa umri wake. Litavuka Jangwani na kumfikisha Magomeni, mtaa wa makarani wa miaka ya 1950. Ashuke, aulizie nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere, ambayo sasa ni makumbusho, aone ukubwa wake. Apande tena. Itafuata Manzese iliyojijenga, itafuata Ubungo ya mama yake, zitafuata Kimara na vilima vyake, ambako nyumba za jana zinapakana na mashamba yaliyobaki. Hadi kufika Mbezi atakuwa amepita milango yetu yote isipokuwa wangu, na huo, Barabara ya Nyerere, ameniambia ataupitia siku ya pili, akienda Temeke kumsalimia mjane wa baba mdogo na kumpelekea ndizi.